Nyumba Isiyo na Ukuta

Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1981. Kifungu chake cha 40 kinamhusu mtu aliyeoa wake kadhaa akafa bila kuacha wasia. Mali yake, kinaagiza, igawanywe kwanza baina ya nyumba zake kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai ahesabiwe pamoja nao. Nyumba hiyo ya kifungu cha 40 haina ukuta, haina paa wala mlango wa kufunga. Ni mke na watoto wa tumbo lake. Bunge lililokaa Nairobi, likiandika kwa Kiingereza, lilichukua jina la jengo na kulifanya kipimo cha haki.

Huko Sironga, katika kaunti ya Nyamira, hakuna mzee atakayehitaji kufafanuliwa kifungu hicho. Kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii wanaoishi huko, nyumba ni enyomba, na zikiwa nyingi ni chinyomba, na jina hilo limebeba mambo mawili kwa pamoja tangu zamani: kuta alimolala mama, na watu waliotoka katika kuta hizo. Ninayotaka kusimulia ni historia ya jengo lililobadilika karibu kila kiungo katika muda wa miaka mia moja, huku majina ya viungo vyake yakiendelea kuamua nani aingie wapi, nani arithi nini na nani azikwe upande gani.

Mwishoni mwa karne ya 19, Wagusii walikuwa wameshakaa vilima hivi kwa vizazi kadhaa. Mwanahistoria William Ochieng', katika kitabu chake cha 1974 juu ya historia yao kabla ya ukoloni, anawafuatilia kutoka nchi tambarare za karibu na Ziwa Nyanza hadi kwenye nyanda hizi za juu, wakisukumwa na majirani na wakiwasukuma majirani. Huku juu mvua hainyeshi kwa msimu tu. Karibu kila mwezi una mvua yake, na alasiri nyingi huishia kwa ngurumo. Nyumba ya Mgusii ilijengwa kwa kuijibu mvua hiyo.

Ilikuwa ya duara na haikuwa na dirisha. Wanaume walichimbia miti ardhini kwa kulizunguka duara, wakaifunga kwa fito na kamba za maganda ya miti. Kisha udongo uliokandwa vizuri ukajazwa na kusiribwa, na mwisho ukuta ukapakwa samadi ya ng'ombe ili usipasuke. Kazi hiyo haikufanywa na familia moja peke yake. Majirani wa kilima kimoja, walioitwa risaga, walikuja kusaidia, na mwenye nyumba akawaandalia pombe ya wimbi. Paa la nyasi lilichongoka sana, kwa kuwa nyasi zisipolala kwa mwinamo mkali maji hutuama na kuzioza. Makombamoyo yalishuka kutoka kileleni na kuupita ukuta, yakafanya upenu mpana, ili matone yaangukie mbali na udongo. Atakayeutazama upenu huo kwa makini ataona kwamba ndio uliokuwa ukiilinda nyumba. Ukuta wa udongo usio na upenu hauvuki masika.

Katikati ya upande wa mama palikuwa na mafiga matatu. Figa moja ni riiga kwa Ekegusii, na mafiga ni amaiga, na msikilizaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba ni neno lake mwenyewe limevaa vazi la milimani. Moto ulikaa hapo mchana na usiku. Moshi haukuwa na dohani. Ulipanda, ukatanda chini ya paa, ukapenya polepole kati ya nyasi. Ndani ya nyumba macho yaliwasha, hilo ni kweli, lakini moshi huo ulikausha nyasi kutoka chini na kuwafukuza wadudu, na paa lililofukizwa kila siku lilidumu kuliko lile la nyumba iliyohamwa. Riiga pia lilitumika kutaja tawi la ukoo, watu waliopikiwa kwenye jiko moja la bibi yao wa kale.

Kiambaza kiliigawa nyumba sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa wa mama, mafiga yake na watoto. Upande wa pili, eero, ndipo mume alipopokelewa na wageni wakaketi. Mgawanyo huu ulikuwa wa heshima kabla ya kuwa wa nafasi. Wagusii wana kanuni za kuoneana haya na kujiepusha zinazoitwa chinsoni, na kanuni hizo zilijengwa ndani ya nyumba pamoja na miti na udongo. Mvulana akishatahiriwa hakuruhusiwa tena kuzungukazunguka upande wa mama yake alivyotaka. Baba hakukanyaga kabisa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Angeweza kusimama uani akamwita, angeweza kuketi kivulini wakazungumza hadi jioni, lakini kizingiti cha mkaza mwanawe hakukivuka. Katika nyumba ya namna hiyo kila ufito ulikuwa na sheria yake, na mtoto alijifunza sheria hizo kwa miguu kabla ya kuzijua kwa maneno.

Nyumba moja haikuwa mji. Mji mzima, boma la mtu na wakeze, ni omochie. Ndani yake kila mke alikuwa na enyomba yake. Vijana waliotahiriwa walikuwa na esaiga, kibanda chao cha kulala na kupokea wenzao. Maghala ya wimbi yalisimama juu ya miguu ya miti, yakiepushwa na unyevu na panya. Na mwenye mji? Hilo ndilo linalomshangaza mgeni. Mwanamume mwenye wake watatu na ng'ombe wasiohesabika hakuwa na nyumba yake ya kulala. Alizunguka katika nyumba za wakeze. Alichokuwa nacho ni kibanda kidogo cha mchana, etureti, mahali pa kukaa na wazee wenzake, kunywa na kusikiliza mashauri. Ng'ombe wengi hawakukaa mjini. Walikuwa mbali kwenye malisho, katika kambi za vijana wenye mikuki zilizoitwa ebisarate.

Upande wa Mugirango ya Kaskazini, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Nyamira, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Hapo Wakipsigis walikuwa karibu mno, na watu hawakuthubutu kutawanya miji yao vilimani kama Wagusii wengine. Walijenga vijiji vyenye maboma ya kujikinga. Ujenzi wa kujihami haukuwa mgeni katika eneo zima hili la ziwa. Upande wa Migori bado zimesimama kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila chokaa wala udongo tangu yapata karne ya 16, na ambazo UNESCO iliziandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi kwa makusudi, ikiwa na mawe marefu yaliyolazwa juu ya miimo, hata anayeingia lazima ainame na kutanguliza kichwa. Maboma ya Mugirango yalikuwa ya miti na udongo, kwa hiyo hakuna mtalii anayekuja kuyaona. Lakini hofu iliyoyajenga ilikuwa ileile.

Sasa turudi kwenye enyomba, maana hapo ndipo penye kiini cha yote. Kila nyumba katika omochie ilikuwa na mashamba yake, ghala lake na ng'ombe wake. Binti wa nyumba alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliingia katika nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao ndugu yake wa tumbo moja alioa. Baba hakuwa na uhuru wa kuwachukua akaongezee mke mwingine au amwozee mtoto wa nyumba ya pili. Akifanya hivyo, nyumba moja ilikuwa imekopa nyingine, na deni hilo lingeweza kudaiwa hata na wajukuu. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Kisii, nchi ya Wagusii, katika miaka ya 1940, aliandika kwa kirefu juu ya sheria hizi za mahari, na mwaka 1950 Max Gluckman alitumia mfumo kama huu wa Afrika kueleza jinsi mali inavyofuata nyumba badala ya kumfuata baba. Wazee wa Kisii hawakumhitaji Gluckman. Walikuwa wakiamua kesi hizo kwenye etureti.

Basi nyumba isiyo na mtoto wa kiume ingefanyaje? Ng'ombe wapo, shamba lipo, mlango upo, lakini hakuna wa kuoa. Wagusii walikuwa na njia: mama wa nyumba hiyo aliweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto wa mwanamke huyo wakawa wajukuu wa nyumba. Majirani zao Wakuria, hata ng'ambo ya mpaka mkoani Mara, wana desturi ya jinsi hiyo, inayojulikana Tanzania kama nyumba ntobhu. Wapo wanaoiona desturi hii kama ajabu. Mimi naiona kama hesabu iliyofuatwa hadi mwisho. Ukishasema kwamba nyumba ndiyo inayomiliki, huwezi kuiacha nyumba ife kwa sababu mimba zote zilikuwa za mabinti.

Kisha walikuja watu waliohesabu nyumba kwa namna nyingine. Serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1901, kwa kila kibanda kwa mwaka, na kiwango kikapanda baadaye. Mwaka huohuo reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Wagusii walionja bunduki za serikali mara ya kwanza 1905, na 1907 kituo cha utawala kikafunguliwa Getembe, ulipo mji wa Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo, aliyechochewa na nabii Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote, ambaye hata hivyo alipona. Kikosi cha adhabu kilichotumwa kiliua watu, kikateka maelfu ya ng'ombe na kuchoma nyumba. Kilipita kwa ukali mkubwa hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akapeleka simu ya kulalamika juu ya idadi ya waliouawa.

Baada ya moto ikaja kalamu. Mtoza kodi alisimama uani akahesabu mapaa. Paa moja, kodi moja. Kwake nyumba ya mke wa kwanza na nyumba ya mke wa tatu zilikuwa vitu viwili vinavyofanana, na mwenye kulipa ni mwanamume, yule yule ambaye hakuwa na nyumba. Hapo ndipo enyomba ilipogeuzwa mara ya kwanza. Jambo lililokuwa la mama, ambalo mume alilipitia kama mgeni wa heshima, liliandikwa daftarini kuwa mali ya mume kwa sababu ndiye aliyelipa. Mwaka 1910 sheria mpya iliongeza kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na paa asiponyoke. Kabla ya vita vya 1914 serikali ilikuwa pia imezivunja zile kambi za ng'ombe. Vijana wakarudi mijini, na miaka iliyofuata wengi wao wakaenda kutafuta rupia kwenye mashamba ya Wazungu. Nina hakika kwamba hakuna amri moja ya kikoloni iliyoibadilisha ramani ya omochie kuliko hizi mbili, ya kuhesabu mapaa na ya kufunga ebisarate, ingawa hakuna iliyotaja ujenzi hata kwa neno moja.

Wamisionari walifuata kwa nyumba za pembe nne. Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa 1912. Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wao na kuingia mji wa Kisii. Vita vya siku ile vilipokwisha wenyeji waliingia madukani, ofisini na hata misheni wakabeba walichoweza, na adhabu ya serikali ikawa kali tena. Lakini misheni zilijengwa upya, na safari hii watoto waliosoma humo walizoea kuona kitu ambacho nyumba za mama zao hazikuwa nacho, yaani dirisha. Neno la Ekegusii la dirisha ni lile la Kiswahili lililotiwa matamshi ya nyumbani, na Kiswahili nacho kililipata kutoka Kiajemi, kwa mabaharia. Kwa hiyo uwazi wa ukutani ulisafiri kutoka Ghuba hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi milimani, pamoja na jina lake.

Majina mengine mengi ya ujenzi yalipanda kwa njia hiyo. Fundi aliyejifunza kazi mjini alirudi na msingi, timazi, pima maji na mwiko. Nyumba ya duara haikuwa na haja ya timazi, kwa kuwa miti yake ilichimbiwa moja moja na duara hupimwa kwa kamba na kigingi kimoja. Nyumba ya pembe nne ilidai pembe ziwe sawa, na kwa mara ya kwanza mjenzi wa Kigusii aliweza kuambiwa kwamba ukuta wake umepinda.

Kati ya majina yaliyopanda kutoka pwani, lililofanya kazi kubwa kuliko yote lilikuwa baraza. Katika miji ya mawe kama Lamu, ambayo iliandikishwa urithi wa dunia mwaka 2001, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele ya nyumba. Mgeni huketishwa hapo bila kuingizwa ndani, kwa kuwa nyumba ya Lamu nayo ina ngazi zake za heshima: unapita daka la mlangoni, unafika uwanda wa wazi katikati, kisha misana, yaani kumbi ndefu za ndani, na kila hatua ya kuelekea ndani ni hatua ya kuukaribia ulimwengu wa wanawake. Baraza hubaki nje, mahali pa wanaume, habari na mashauri. Likawa jina la mkutano wenyewe, na serikali ya kikoloni ikalichukua. Chifu aliitisha baraza, watu wakaketi majanini chini ya mti, na hakuna aliyekumbuka benchi la mawe. Leo Kenya nzima ina Baraza la Mawaziri.

Wakati baraza likija kutoka baharini, etureti ilikuwa ikifanya safari kama hiyo hapohapo milimani. Kibanda cha mchana cha mwenye mji kilikuwa kimekuwa jina la wazee wanaosikiliza kesi ndani yake, na utawala wa kikoloni uliwatumia wazee hao kama ngazi ya chini kabisa, chini ya chifu na naibu wake. Vibanda vyenyewe vimetoweka. Ugomvi wa mpaka wa shamba Nyamira, hata hivyo, bado hupelekwa kwa etureti kabla ya kufika kwa chifu, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama ziheshimu njia za jadi za kusuluhisha. Jambo hili hunigusa kila nikilifikiria: pwani na Kisii, bila kuulizana, walitazama sehemu ya nyumba wanapoketi wanaume, wakaifanya jina la haki.

Fedha za kubadilisha paa zilitoka shambani. Kisii ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza, pamoja na Meru na Embu, ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Baadaye ikaja chai, iliyofaa zaidi vilima vya Nyamira kwa baridi na mvua yake. Bonasi ya chai iligeuka mabati. Bati la mikunjo lilibuniwa London mwaka 1829, na mikunjo ile ndiyo siri yake, kwa sababu bati laini hujipinda kwa uzito wake lenyewe, lakini likikunjwa hubeba nafasi kubwa kwa mbao chache. Halikuhitaji mwinamo mkali, halikuoza, halikuwataka risaga waje kila baada ya miaka michache kuezeka upya. Maji yake yalikingwa kwa mfereji na kuteremka pipani, na hilo pekee lilimwondolea mama safari ya mtoni.

Lakini bati halipitishi moshi. Mafiga chini ya mabati yalijaza nyumba moshi usiopata pa kutokea na masizi yaliyodondoka na mvuke wa asubuhi. Ndipo amaiga yakatolewa nje ya enyomba, yakajengewa jiko pembeni, mara nyingi la udongo na nyasi kama nyumba ya zamani ilivyokuwa. Nyumba kubwa ikabaki na eero iliyovimba, yenye makochi na vitambaa vya kufuma, kalenda na picha za waliohitimu. Ukiitazama kwa jicho la mwaka 1890, ni upande wa mume na wageni ambao umekua ukameza nyumba yote, huku upande wa mama ukisukumwa uani. Sisemi kwamba mama wa leo ana cheo kidogo kuliko bibi yake. Nasema tu kwamba katika ramani ya nyumba amesogezwa, na aliyemsogeza ni moshi.

Ukuta nao ulifuata paa. Mashamba ya Wagusii, kwa jinsi yalivyogawanywa kati ya ndugu na kupimwa rasmi katika miongo iliyofuata mpango wa Swynnerton wa 1954, ni vipande virefu vyembamba vinavyoteremka kutoka barabara ya mgongoni mwa kilima hadi kijito cha bondeni. Kila ndugu apate kidogo cha juu panapojengwa, kidogo cha kati panapolimwa, na kidogo cha chini penye maji. Huko chini ndiko matofali yalikopatikana. Bonde la Sironga, lenye kinamasi cha mafunjo, ni mfano unaojulikana. Udongo mzito unachimbwa, unakanyagwa kwa maji, unapigwa katika kalibu ya mbao, na matofali mabichi yanaanikwa chini ya majani yasipasuliwe na jua. Yakikauka yanapangwa tanuri, yakiachiwa mapango ya kuni chini, tanuri linakandikwa udongo nje, kisha moto unawashwa na kulishwa kwa siku kadhaa. Kuni zinatoka kwenye mikaratusi iliyopandwa kandokando ya kinamasi hichohicho, na mikaratusi hunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji nchini. Wakulima wa Kisii na Nyamira waliipinga kwa sababu iliyo wazi: mti huo ndio nguzo, ndio mbao za paa, ndio kuni za tanuri na ndio karo. Naona uchungu wao na bado naona Michuki alisema kweli. Nyumba za mgongoni zimejengwa kwa kulichimba bonde, na mashimo ya matofali hayarudi kuwa kinamasi.

Katika mabadiliko yote haya, upande mmoja wa nyumba umebaki ulivyokuwa. Mwanamume huzikwa kuume kwa nyumba yake, mwanamke kushoto. Nyumba iwe ya nyasi, ya mabati au ya ghorofa, jamaa husimama mlangoni wakitazama nje na kupima upande kabla ya kuchimba. Ndiyo maana mtu aliyeishi mjini miaka arobaini hurudishwa, na kama hakujenga, hujengewa kibanda cha haraka ili kaburi lake lipate kuwa na kuume. Kenya yote ilijadili jambo la aina hii mwaka 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyekuwa Mluo. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo ulidai kwamba Nairobi marehemu alikuwa na nyumba tu, na mji wake ulikuwa Nyalgunga kwa baba zake. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na Mei mwaka huo akazikwa Nyalgunga. Mgusii aliyesikiliza kesi hiyo redioni hakuhitaji mkalimani. Tofauti ya enyomba na omochie ndiyo iliyokuwa ikitetewa mbele ya majaji.

Katika vyumba vya kupangisha mijini chinsoni imekosa ukuta wa kuegemea. Kijana wa Nyamira anayeishi chumba kimoja Nairobi na mkewe, akitembelewa na baba yake, ana kizingiti kimoja tu, na nyuma yake kuna kitanda. Wapo wanaompeleka mzee kwa ndugu mwingine alale huko, wapo wanaokubaliana kwamba mjini kanuni hupumzishwa, na wapo wazee wasiokubali kupumzisha chochote na wanaolipiwa gesti. Ukimuuliza mjenzi wa vyumba hivyo atakwambia alipanga kwa kufuata kodi. Hakuna aliyemwambia kwamba eero ni haja ya watu.

Idadi ya watu nayo imeibana enyomba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Nyamira ina watu zaidi ya 600 katika kila kilomita ya mraba. Kipande chembamba kilichogawanywa kati ya nyumba mbili, na ndani ya kila nyumba kati ya watoto, hufikia upana wa mistari michache ya chai. Hapo ndipo swali la zamani limerudi mahakamani kwa sura mpya: nyumba isiyo na mtoto wa kiume ihesabiwe vipi?

Jibu lililobadilisha hesabu halikutoka Kisii. Lilitolewa na Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono. Mkulima wa Uasin Gishu alikuwa amekufa akiwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa na watoto wa kiume na wa kike, ya pili ilikuwa na mabinti wanne watupu. Mahakama Kuu iliwapa mabinti kidogo, kwa hoja kwamba wataolewa na kwenda kwingine. Majaji wa rufani walikataa hoja hiyo. Walisoma Katiba na mikataba ya kimataifa kando ya kifungu cha 40, wakasema kwamba kuolewa siku moja si sababu ya kumpunguzia binti haki yake leo, na wakaigawa mali upya. Tangu hapo hukumu hiyo imekuwa ikitajwa katika kesi za urithi kote nchini, Kisii na Nyamira zikiwemo, na miaka mitano baadaye Katiba ya 2010 ikaweka usawa wa wanawake na wanaume katika ibara ya 27. Enyomba yenye mabinti peke yao sasa inasimama mbele ya hakimu kwa jina lake yenyewe, ikidai ardhi, bila mama kulazimika kumwolea mke mwana ambaye hakuzaliwa.